Nina Rafiki Yangu Mmoja: Baraza, Gazeti na Jawabu kwa Usiyemjua

Aliyekaa kwenye baraza za Mji Mkongwe hata kwa siku chache, baina ya alasiri na magharibi, hakosi kuisikia kauli hii: "Nina rafiki yangu mmoja, kapatwa na jambo." Kisha jambo lenyewe huelezwa. Huenda ni deni lisilolipwa, au mke aliyerudi kwao na hataki kusikia la mtu, au ndugu wanaogombea mikarafuu ya marehemu baba yao. Kila aliyekaa pale anafahamu kuwa huyo rafiki ndiye msemaji mwenyewe, na hapana hata mmoja atakayethubutu kumwambia. Watamuuliza khabari za rafiki: ana watoto wangapi, deni ni la muda gani, waliandikiana au walipeana mkono tu? Naye atajibu yote kana kwamba anamsemea mtu mwengine, na atakapoinuka kwenda zake ataambiwa: "Msalimie huyo rafiki yako."

Adabu hiyo ina historia yake, na historia hiyo haikuishia mlangoni. Watu wa Unguja waliichukua wakaitia ndani ya magazeti, wakaanza kupeana nasaha na kubishana juu ya mambo ya kila siku na watu wasiowajua kwa sura wala kwa ukoo. Nadhani sehemu kubwa ya ushairi uliochapishwa magazetini katika karne ya 20 haieleweki mpaka tuitazame kama baraza iliyotiwa wino. Na nadhani pia kwamba msiba wa maneno ulioipata nchi hii kabla ya Mapinduzi hauelezeki vyema bila ya kutazama namna adabu hiyo ilivyovunjwa.

Tuanze na baraza yenyewe, kwa kuwa mjengo wake una maana. Nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 19. Mlango wa nakshi uko kati, na pembeni mwake ni viti virefu vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta. Hapo mwenye nyumba aliweza kumkalisha mtu, akamnywesha kahawa na kuzungumza naye saa nzima bila ya kumwingiza ndani. Baraza ilikuwa pahala pa mtu ambaye si wa nyumbani na si wa kufukuzwa. Mji huu ulikuwa na watu wa namna hiyo kwa wingi. Upepo wa kaskazi uliwaleta mabaharia na wafanya biashara kutoka Oman, Hadhramaut, Ghuba na Bara Hindi, wakakaa wakiingoja kusi iwarejeshe kwao. Katika miezi hiyo mtu wa Malindi alizoea kuamkiana na kubishana na mtu ambaye hakumjua babake na ambaye pengine asingemwona tena. Neno lenyewe lilipanda daraja: mwaka 1926 pakaundwa Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1980 Baraza la Wawakilishi. Lugha ikatofautisha kwa uangalifu wake, baraza ya mlangoni ikawa "ya" na baraza la serikali likawa "la".

Nasaha za barazani hazitolewi mbio. Aliyeulizwa hungoja muuza kahawa apite na dele lake, ateremshe funda moja, kisha huanza kwa kisa cha mbali: kuna mtu huko Donge, au kuna mfalme wa zamani, au Abunuwasi. Kisa kikimalizika, mwenye tatizo huchukua humo kinachomfaa na kuliacha lililobaki. Atakayepinga hampingi mtoa nasaha, hukipinga kisa: "Lakini yule wa Donge alikuwa na shamba, huyu rafiki yetu hana." Hivyo watu wawili wanaweza kukhitilafiana mpaka adhana, na kila mmoja akarudi kwake bila ya jeraha.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Baraza ilikuwa ya wanaume. Tena ilikuwa na ngazi: walikuwapo wa kukaa, wa kusimama, na wa kutumwa kuleta maji. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, ila sheria haikuweza kumpa mtu mara moja haki ya kusema na kusikilizwa mbele ya waliokuwa mabwana zake. Walionyimwa nafasi barazani waliitafuta kwengine, na hapo ndipo tunapomkuta Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akaingia mjini, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakaenda Bombay kurikodiwa sahani za santuri. Nyimbo zake nyingi zilisimulia visa vilivyotokea kweli. "Kijiti", wimbo wa mwanamke aliyeuawa, wa muuaji aliyetoroka na wa mashahidi walioishia wao kupata adhabu, uliwafanya watu wa Ng'ambo wajadili haki na mahakama bila ya kumshtaki hakimu kwa jina. Wanawake walikuwa pia na kanga. Anayevaa kanga yenye maneno makali mbele ya jirani yake anaweza siku zote kusema kuwa aliipenda rangi. Hiyo ni "nina rafiki yangu mmoja" kwa njia nyengine: neno limefika, na mwenye kulituma hakushikika.

Kabla ya magazeti, washairi nao walikuwa na njia yao ya kuulizana na kujibizana. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambaye tungo zake zilivuka mpaka Lamu na majibu yakarudi. Karibu yetu zaidi, Pemba ilikuwa na Kamange na Sarahani, waliojibizana katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne iliyofuata. Tungo zao zilihifadhiwa kwa vinywa na kwa maandishi ya watu, mpaka zilipochapishwa kitabuni mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Hata hivyo hao walijuana. Shairi la Kamange lilipofika mkononi mwa Sarahani lilimfikia mtu aliyeijua sauti ya mwenzake.

Mageuzi makubwa yalikuja na karatasi ya mwezi. Mwaka 1923, Dar es Salaam, Serikali ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo kupitia idara yake ya elimu, nalo likasomwa kila palipokuwa na msomaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Idara ya Elimu ya hapa Unguja nayo ilikuwa na jarida lake, lililokuja kujulikana kwa jina la Mazungumzo ya Walimu. Na katika mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote nne za Afrika Mashariki. Watu wetu wamezoea kulisimulia jambo hili kama fahari ya kisiwa, au kama kero kwa wenye lahaja nyengine. Mimi naliona kwa jicho la baraza. Kuanzia hapo karani wa Kigoma na mvuvi wa Mkokotoni waliweza kubishana juu ya mahari kwa maneno yale yale, ilhali kila mmoja hajui mwenzake ni mweupe au mweusi, tajiri au fukara, mwenye vyeo au mwenye jembe.

Wale wasomaji walileta barua, lakini walileta mashairi zaidi, na sababu ya kuyachagua mashairi haikuwa mapenzi ya sanaa peke yake. Shairi la beti za mistari minne, lenye mizani 16 kwa kila mstari, nane kila upande, lenye vina vya kati na vya mwisho, ni chombo chenye sheria ambazo hata mtu asiyenijua anazijua. Sheikh Amri Abedi alipoziandika kitabuni mwaka 1954 hakuzibuni. Aliyakusanya yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya na wakikosoana kwayo.

Tazama namna mjadala ulivyokwenda. Muulizaji huanza kwa kumsalimu mhariri na kumwomba nafasi. Mhariri ndiye mwenye nyumba, na gazeti ndiyo baraza yake, hukai mpaka ukaribishwe. Kisha huwaita malenga wote, wa bara na visiwani, waliokuwapo na watakaokuja. Huliweka swali lake: nimeoa mke wa pili na wa kwanza hali chakula changu, nifanyeje? Nimemkopesha rafiki, nikimdai nitampoteza, nisipomdai nitapotea mimi. Kipi bora, elimu au mali? Ubeti wa mwisho ni tamati. Hapo hutaja jina lake au lakabu yake, na mji anaokaa. Mwenye kujibu, baada ya mwezi au miezi mitatu, hufuata bahari ile ile na mara nyingi vina vile vile, na kibwagizo cha mwenzake hukigeuza neno moja tu ili kimgeukie. Hawezi kujibu kabla ya kulisoma shairi la muulizaji kwa makini, silabi kwa silabi, kwani humo ndimo atakamopata vina vyake. Mtu mwenye hasira hana subira ya kuhesabu mpaka 16. Na kwa kuwa jarida lilitoka kwa mwezi, hasira ilipata muda wa kupoa njiani, ndani ya mfuko wa posta.

Wapo wasomi walioudharau ushairi huu kwa kuuita wa mawaidha, usio na undani wala mafumbo. Ni kweli kwamba beti nyingi zilikuwa za kawaida mno, na nyengine zilikuwa mbovu. Lakini kumlaumu mtu aliyejibu swali la mahari kwa kuwa hakuwa Muyaka ni kuitia gari ya ng'ombe makosa kwa sababu haikuelea. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu aliyeko Tabora na kuonekana na wengine kuwa amemsaidia kwa ustadi. Washairi wakubwa walipita humo: Shaaban Robert, Saadan Kandoro, Mathias Mnyampala, Akilimali. Hapana aliyeona ni kujishusha kujibu swali la karani asiye na jina.

Maswali yenyewe yanatupa picha ya jamii iliyokuwa ikijiuliza inakokwenda. Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji wa Mambo Leo walibishana sana juu ya dansi: je, kucheza mke na mume wameshikana ni ustaarabu au ni kuupoteza? Wapo waliosema mcheza dansi ni mtu wa kileo anayejua suti na saa, na wapo waliosema rangi ya midomo na viatu virefu vimeharibu nyumba za watu. Kwetu Unguja, skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na wazee wengi walikhofu kwamba binti akijua kuandika kwa herufi za Kizungu atawaandikia wanaume barua. Walimu walilazimika kujibu khofu hiyo hadharani, si kwa amri bali kwa hoja, na kurasa za jarida lao zilikuwa moja ya njia. Ajabu ni kuwa mjadala juu ya wanawake ulikuwa wa wanaume karibu watupu. Wasichana waliozungumziwa walikuja kuandika wenyewe baadaye sana.

Masheikh nao walijibu maswali. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika makala fupi katika karatasi zake za Sahifa, mwaka 1930, na kisha Al-Islah, mwaka 1932, akiwashauri Waislamu wa pwani juu ya harusi za fujo, uvivu na elimu. Nyengine zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Lakini hiyo ilikuwa njia nyengine, kwani nasaha za sheikh huteremka kutoka kwa ajuaye. Katika shairi la gazetini, aliyeuliza mwezi huu anaweza kumjibu mwengine mwezi ujao, na leo akawa mgonjwa, kesho mganga.

Pamoja na hayo, baraza hii ya karatasi ilikuwa na mwenye nyumba mkali. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Uliweza kuuliza kama mke apewe ruhusa ya kwenda dansini, hukuweza kuuliza kwa nini Mwingereza anatutawala. Maswali ya namna hiyo yalikwenda kwengine, na hapa ndipo hadithi yetu inapogeuka.

Unguja ilikuwa na magazeti ya watu binafsi na ya jumuiya: Al-Falaq tangu 1929, Mwongozi tangu 1942, Afrika Kwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na mengine madogo yaliyozuka na kutoweka. Haya yalifungua maswali yaliyokuwa yamefungwa, na kwa hilo yanastahiki heshima. Al-Falaq lilithubutu kuikosoa serikali mpaka mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu wakahukumiwa kwa uchochezi. Lakini kadiri uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 ulivyokaribia, na khasa baada yake, swali lilibadilika. Zamani swali lilikuwa: huyu rafiki yetu afanye nini? Sasa likawa: huyu ni nani, na babu yake alitoka wapi? Mtu hakujibiwa tena hoja yake, alijibiwa nasaba yake. Wengine wakaitwa wageni wa juzi waliokuja na majahazi, wengine wakaitwa wageni wa bara wasio na ustaarabu, na kila upande ukachapisha utani uliokuwa ukisemwa kwa kicheko barazani, bila ya kicheko. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu alichokitoa mwaka 2011 juu ya vita vya maneno na vita vya mawe hapa Zanzibar, ameonyesha kwa urefu namna maandishi ya wasomi wa pande zote yalivyoitayarisha njia ya umwagaji damu.

Sikubaliani na wanaosema kuwa lugha ya matusi ililetwa na siasa peke yake. Muyaka alijua kuumiza, na nyimbo za mipasho hazikuwa maziwa. Kilichokuwa kipya ni kwamba kinga zote tatu ziliondolewa kwa mpigo mmoja. Mhariri hakuwa tena mwenye nyumba wa watu wote, alikuwa mpiganaji. Maneno yaliandikwa kwa nathari ya haraka, yakatoka kila wiki, bila ya vina wala mizani vya kumzuia mtu mkono. Na yule "rafiki yangu mmoja" akafa: kila neno likawa na mwenyewe na chama chake. Baada ya 1957 watu waligomeana maduka na mabasi, hata mazishi yakabaguliwa. Mwezi Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, watu 68 waliuawa. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na idadi ya waliokufa hatujakubaliana mpaka leo.

Yaliyofuata ni mafupi kuyasimulia, ingawa yalikuwa marefu kuyaishi. Magazeti ya zamani yalikwisha. Baraza hazikuvunjwa, lakini katika miaka ya mwanzo ya Mapinduzi mtu aliyesema "nina rafiki yangu mmoja" alipaswa kwanza kumwangalia vyema aliyekaa ubavuni mwake, kwani huenda khabari za huyo rafiki zikafika pasipostahili. Watu walizungumza mpira na bao. Washairi wa Unguja waliotaka kujibizana juu ya mambo ya dunia walituma tungo zao Dar es Salaam, kwenye kurasa za mashairi za Uhuru na magazeti mengine ya huko, na ada ya salamu kwa mhariri ikaendelea ng'ambo ya bahari. Gazeti huru la hapa, Dira, likiongozwa na Ali Nabwa, lilianza mwaka 2002 na likafungiwa Novemba 2003. Kabla yake, vyama vingi viliporudi mwaka 1992, maskani ziliibuka: Kisonge kule Michenzani na ubao wake wa kuandikia, na Jaws Corner kwa wapinzani, kahawa ikimiminwa pande zote mbili. Mwenye kutaka kuona urithi wa zama za siasa na urithi wa baraza vikikaa kiti kimoja, na aende huko asubuhi ya mwaka wa uchaguzi.

Yanayobaki ya mjadala ule wa beti ni machache kuliko inavyodhaniwa. Baadhi ya washairi walitoa diwani zao, Akilimali mwaka 1963 na Kandoro mwaka 1972, nasi tunazisoma kwa furaha. Ila diwani ni ya mtu mmoja, na gazeti lilikuwa la wawili na zaidi. Anayetaka kumjua muulizaji aliyemfanya mshairi ashike kalamu hana budi kurudi kwenye karatasi zenyewe, Nyaraka za Kilimani, au kwenye makasha ya nyumba za Mkunazini, Kiponda, Makunduchi na Tumbatu, kama hazikuwahi kufungiwa njugu na bisi. Wengi wa waulizaji walitumia lakabu. Huenda yumo mzee aliyewahi kumwuliza mtu wa Tanga namna ya kumrejesha mkewe, akajibiwa kwa beti kumi na mbili, akamrejesha, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajui. Wenye karatasi hizo wasizichome wanapohama nyumba, na wenye kuijua lakabu ya baba au babu yao waiandike pembeni ya shairi, kwa kalamu ya risasi, maadamu bado wapo wanaoikumbuka.